Sabuni ya kufulia isiyoharibu bustani

Maji ya kijivu ni maji yaliyokwisha kutumika nyumbani lakini hayakupita chooni: ya kufulia, ya kuoga, ya kunawa. Palipo na mgao wa maji, ndiyo yanayomwagiwa migomba na mchicha. Sabuni inayofaa hapo ni ile ambayo mabaki yake udongo unaweza kuyahimili.

Pakiti ikiandikwa kwamba sabuni huoza kwa urahisi, usiridhike. Kinachooza ni viambato vinavyong'oa uchafu. Sodiamu haiozi, na sabuni nyingi za unga zimejazwa magadi na chumvi nyingine za sodiamu. Sabuni ya mche nayo hutengenezwa kwa kostiki soda, ila kwa kawaida sodiamu yake ni kidogo kuliko ya unga. Nafuu kubwa zaidi ni sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa potasiamu, kwa kuwa potasiamu ni chakula cha mmea.

Kwenye mfinyanzi, sodiamu ikizidi hutawanya chembe za udongo, vitundu vikaziba, juu pakafanya ukoko na maji yakasimama. Kupima ni rahisi: chukua bonge dogo kavu, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usilikoroge. Likizungukwa na wingu la tope lisilotulia, pumzisha eneo hilo, utie jasi (unga wa madini yenye kalisi, inayoiondoa sodiamu kwenye mfinyanzi), kisha upamwagie maji safi kwa wingi au usubiri masika.

Epuka pia sabuni yenye boraksi, ambayo ni chumvi yenye boroni. Mmea huhitaji boroni kidogo mno. Ikipita hapo kidogo tu, ncha na kingo za majani makuukuu huungua. Maji yenye Jik yaende kwenye mfereji, haidhuru umetia kifuniko kimoja tu.

Kusema kweli, kipimo cha sabuni kina uzito kuliko jina lake. Wengi wetu tunatia unga mpaka povu lifurike, kana kwamba povu ndilo linalofua. Maji ya kusuuza mara ya mwisho ndiyo bora kwa bustani, hata kama sabuni si ya kuchagua. Mnazi huvumilia chumvi. Mparachichi hauiwezi kabisa. Mwagia shinani, si kwenye majani ya mboga zinazoliwa mbichi, na usiyalaze ndooni zaidi ya siku moja, maana yatanuka. Ya nepi usiyapeleke bustanini, hata sabuni iwe nzuri namna gani.