Freddie Mercury hakupanda jukwaa la Wembley akijua anaumwa

Walioitazama filamu ya "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 2018 wengi wanaamini kwamba Freddie, mwimbaji wa kundi la Queen na yule mtoto wa Unguja, aliimba kwenye Live Aid, tamasha la hisani katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985 akijua tayari ana virusi vya UKIMWI. Sivyo. Jim Hutton, aliyeishi naye hadi mwisho, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1994 kwamba Freddie alimpa habari hiyo mwaka 1987, karibu miaka miwili baada ya tamasha.

Na lile la filamu kuonyesha Queen ikisambaratika kwa sababu Freddie alikwenda kurekodi peke yake, kisha ikapatana kwa ajili ya Live Aid? Roger Taylor, mpiga ngoma, alishatoa albamu yake binafsi tangu 1981, bila mtu kumnunia! Kundi lenyewe lilitumbuiza Rio Januari 1985, na Mei likawa Japani. Kwa hiyo Wembley hapakuwa na cha kupatanisha.

Filamu ilihitaji machozi kabla ya wimbo wa mwisho, basi ikasogeza tarehe. Mimi nayapenda maonyesho yale, lakini kwa mpangilio wa maisha yake namsikiliza Hutton.