Pikipiki ya mkataba: ukikosa hesabu, haki zako haziishii hapo

Vijiweni Igoma na Buhongwa, jijini Mwanza, bodaboda wengi wa mkataba (unalipa kidogo kidogo hadi pikipiki iwe yako) wanaamini kwamba ukikosa hesabu, yaani malipo hayo, bosi anabeba pikipiki na huna tena la kudai. Umiliki kweli ni wake, kwa kawaida hadi malipo ya mwisho. Lakini Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 74, haiachi adhabu iliyowekwa mkatabani kwa anayeuvunja idaiwe kama ilivyoandikwa: aliyevunjiwa mkataba, hapa bosi, hupata fidia ya haki, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Inaniuma sana kuona kijana aliyelipa karibu bei yote akiondoka kimya. Hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, ila kuyathibitisha ndiyo kazi. Lipa hesabu kwa simu, tunza meseji.