Jamani, sola haitaki joto

"Fundi, Makete hii na baridi yake, sola itapata wapi nguvu? Hayo ni mambo ya Dodoma." Nimeyasikia haya kwa wakulima, kwa madiwani, na juzi kwa mhandisi kabisa, tena katika kikao cha kujadili mtambo mdogo wa kijiji. Nimechoka.

Paneli inataka mwanga. Mwanga ukiipiga silikoni, elektroni zinang'oka, na uga wa umeme ulio kati ya tabaka mbili za seli unazisukuma upande mmoja. Huo ndio umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu. Inveta inaugeuza kuwa AC, umeme wa kwendarudi tunaotumia majumbani, wa volti 230. Basi. Joto halina kazi hapo, linaharibu tu: kila seli ikipanda nyuzi moja juu ya 25, paneli ya kawaida inapoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu. Seli ikifika nyuzi 65 juu ya bati la Dar, asilimia 14 imekwenda. Huku Juni na Julai anga ni jeupe na upepo unapooza paneli. Mnataka nini tena?

Kinachonikera ni kwamba baridi ina balaa lake kweli, ila hakuna anayeliuliza. Baridi inapandisha volti. Chukua paneli 19 za volti 50, ziunge mfululizo: volti 950, na inveta yako inavumilia 1,000. Kwenye makaratasi uko salama. Asubuhi seli zikiwa nyuzi sifuri, volti inapanda kama asilimia 0.27 kwa kila nyuzi iliyoshuka chini ya 25, unafika 1,014. Wala usingoje jua kali. Volti hufika karibu na kilele kwa mwanga mdogo tu, saa moja na nusu hivi, sakitu bado iko kwenye majani.

Upige hesabu kwa nyuzi ngapi? Vitabu vinasema tumia rekodi ya chini kabisa ya kituo cha hali ya hewa. Sawa, lakini kituo kiko mbali na mtambo uko bondeni, baridi inakotuama usiku. Mimi nashusha nyuzi kadhaa kwa kukisia, halafu natoa paneli moja. Si sayansi safi, najua.

Mwenye hofu ya ukungu na mawingu ya masika, huyo namsikiliza. Betri zipimwe kwa miezi hiyo, si kwa Julai. Na zikiwa za lithiamu, zisichajiwe chini ya nyuzi sifuri: zijengeeni chumba cha tofali, msiziache kwenye kontena la bati.