Je, wajua ni kwa nini kuzoa theluji kunaweza kuushinda moyo?

Theluji inapoanguka haielekei kuwa mzigo. Inatua begani, unaipangusa kwa kiganja, imekwisha. Ndiyo maana mtu anayeamka na kukuta njia ya gari imefunikwa kuanzia gereji hadi barabarani huiona kazi ya nusu saa tu: ashike koleo, azoe, awashe gari, aende zake. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, hata hivyo, madaktari wa vyumba vya dharura wanaijua vizuri asubuhi inayofuata usiku wa theluji nyingi. Watafiti waliopitia takwimu za Marekani za mwaka 1990 hadi 2006 walikadiria kwamba kila mwaka watu wapatao 11,500 walitibiwa baada ya kuumia au kuzidiwa wakizoa theluji. Sehemu iliyoumia mara nyingi zaidi ni mgongo, hasa kiunoni. Lakini katika miaka hiyo 17 walikufa pia zaidi ya watu 1,600, na kilichowaua ni moyo.

Inakuwaje kazi ya uani, inayofanywa na mtu aliyelala vizuri na hana homa wala jeraha, imfikishe huko?

Tuanze na uzito, kwa sababu hapo ndipo macho yanapodanganya. Theluji mpya na kavu, ile inayoanguka siku ya baridi kali, ina hewa nyingi kuliko barafu: mita moja ya ujazo huwa na kilo 50 hadi 100 tu. Theluji inayoanguka joto likiwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi ni nyingine kabisa. Imelowa, imeshikana, na mita ileile ya ujazo hufika kilo 200, 300, hata zaidi. Ikishakanyagwa na magurudumu, huweza kufika 400 au 500. Kwa macho zote ni nyeupe na zote zinafika kwenye kifundo cha mguu.

Piga hesabu ya njia ya gari ya kawaida, mita 10 kwa mita 4, iliyofunikwa na theluji ya sentimita 20. Hiyo ni mita za ujazo 8. Ikiwa kavu, ya kilo 80 kwa mita ya ujazo, mzigo wote ni kilo 640. Ikiwa imelowa, ya kilo 250, ni tani 2. Koleo linalobeba lita 20 litakuwa na kilo 5 za theluji kila linapoinuliwa, mbali na uzito wa koleo lenyewe. Kumaliza tani 2 kwa mtindo huo ni kuinama, kuinua na kurusha mara 400. Hakuna mwenye busara ambaye angekubali kuhamisha tani 2 za mchanga kabla ya kwenda kazini, tena bila kupumzika, ilhali theluji ya uzito huohuo watu huivamia mara tu wanapotoka kitandani.

Tena hapo hatujafika kwenye mdomo wa njia. Magari ya manispaa yanaposafisha barabara, husukuma theluji pembeni, na pembeni ndipo njia yako inapoanzia. Mtu amemaliza kuzoa, anafuta jasho, gari linapita, na tuta linabaki pale pale pa kutokea. Tuta hilo si theluji ya kawaida. Theluji iliyovurugwa na kugandamizwa, chembe zake hugusana kwa karibu, na pale zinapogusana zinaanza kuungana: barafu inahama kidogo kidogo na kujenga shingo nyembamba kati ya chembe moja na nyingine. Kadiri saa zinavyopita shingo hizo zinanenepa. Ndiyo sababu tuta linalochimbika kwa koleo la plastiki saa moja asubuhi, jioni linaweza kuhitaji koleo la chuma. Kwa maoni yangu, kama mtu ana nguvu za sehemu moja tu siku hiyo, azipeleke hapo mapema, kisha zile mita za katikati zisubiri.

Uzito peke yake unaeleza kiuno kinachouma. Hauelezi moyo. Kwa hilo kuna jaribio moja la Michigan, Marekani, lililochapishwa mwaka 1995, ambalo hadi leo naliona ndilo linaloeleza jambo hili vizuri zaidi. Mtafiti Barry Franklin na wenzake waliwachukua wanaume 10 wenye afya lakini wasio na mazoea ya mazoezi, umri wao ukiwa wastani wa miaka 32. Waliwapima kwanza kwenye mashine ya kukimbilia hadi mwisho wa uwezo wao. Kisha waliwapa koleo na theluji nzito iliyolowa, wazoe kwa dakika 10, kila mmoja kwa kasi anayoitaka. Ndani ya dakika 2 tu mapigo ya moyo yalikuwa yamepita kiwango ambacho kwa kawaida huwekwa kuwa kikomo cha juu cha mazoezi ya mwili. Dakika 10 zilipokwisha yalikuwa yamefika wastani wa 175 kwa dakika, karibu sawa na yale ya mwisho wa uwezo wao. Hao walikuwa vijana wazima. Walipotumia mashine ya kurusha theluji, mapigo yalikuwa kama 124.

Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba mwili haukuwa ukitumia oksijeni nyingi kama ilivyokuwa kwenye kukimbia. Moyo ulikwenda mbio karibu kiasi kilekile, lakini kazi halisi ya mwili ilikuwa ndogo zaidi.

Maelezo yake yako kwenye namna kazi yenyewe inavyofanyika. Anayekimbia hutumia misuli mikubwa ya miguu, nayo kila inapojikunja inasaidia kusukuma damu irudi juu. Anayezoa theluji amesimama mahali pamoja. Miguu imetulia, damu inazembea kurudi, na mzigo wote uko mikononi na mabegani. Misuli ya mikono ni midogo, na kazi ya mikono hupandisha mapigo na shinikizo la damu kuliko kazi ileile ikifanywa kwa miguu. Mtu akikaza mikono kushikilia koleo lililojaa, misuli iliyokazwa inabana mishipa iliyomo ndani yake, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili damu ipite.

Halafu kuna pumzi. Mtazame mtu anapoinua koleo zito: anafunga mdomo, anabana pumzi, anakaza tumbo, ndipo anarusha. Katika sekunde hizo shinikizo ndani ya kifua linapanda ghafla na damu inayorudi moyoni inapungua. Akiachia pumzi, damu inaingia kwa wingi mara moja. Kitendo hicho kikirudiwa mara mia kadhaa kwa asubuhi moja, shinikizo la damu linakuwa la kupanda na kushuka bila mpangilio, na mishipa iliyokwisha kuwa na mafuta kwenye kuta zake ndiyo inayoumia.

Baridi nayo inaongeza yake. Ili kutunza joto, mwili hubana mishipa ya ngozi ya mikono, miguu na uso, na shinikizo linapanda hata kabla koleo halijashikwa. Ni kama bomba la kumwagilia unapoliminya ncha, maji yaleyale yanalazimika kupita penye upenyo mdogo. Kwa mtu mwenye mishipa ya moyo iliyokwisha kuziba nusu, baridi inaweza kuibana hata hiyo, wakati uleule moyo unapodai oksijeni zaidi. Mahitaji yamepanda, njia imepungua. Na kwa kuwa kazi hii hufanywa asubuhi, inaangukia saa ambazo hata bila theluji mshtuko wa moyo hutokea zaidi: shinikizo linapanda mtu anapoamka, na damu ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuganda.

Huko Quebec, Kanada, watafiti walilinganisha siku za theluji na rekodi za wagonjwa wa mshtuko wa moyo kuanzia mwaka 1981 hadi 2014. Utafiti wao ulitoka mwaka 2017. Kwa wanaume, siku inayofuata theluji ya sentimita 20, uwezekano wa kulazwa ulikuwa juu kwa asilimia 16 na wa kufa kwa asilimia 34, ukilinganisha na siku isiyokuwa na theluji. Kwa wanawake hawakuona ongezeko la wazi. Takwimu zao hazikuonyesha nani alishika koleo na nani alibaki ndani, lakini maelezo waliyoyaona kuwa na uzito ni kwamba wanaume ndio wanaotoka zaidi kuzoa, hasa theluji inapokuwa nyingi.

Nasisitiza kwamba wengi wanaoanguka hawakuwa wazima kabisa. Walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na wengine hawakuujua. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii: theluji inakuwa kipimo cha kwanza cha moyo ambacho mtu amewahi kufanyiwa, bila daktari pembeni. Mwenye historia ya moyo, mwenye presha ya juu, mvutaji sigara, au aliyepita miaka 50 akiwa hana mazoezi yoyote, aiache kazi hii kwa mwingine bila kuona haya. Maumivu au uzito kifuani, mkononi, begani au kwenye taya, jasho la baridi, kizunguzungu, pumzi kukata: hapo koleo linawekwa chini na gari la wagonjwa linaitwa saa ileile. Si suala la kumalizia kipande kilichobaki.

Kwa mwenye afya, fizikia ileile inaonyesha njia ya kujipunguzia. Kusukuma ni rahisi kuliko kuinua, kwa hiyo koleo pana la kusukumia hufanya kazi nyingi bila kiuno kuinama, na miguu inatembea. Pale panapolazimu kuinua, jaza nusu, shika karibu na kichwa cha koleo, kunja magoti, na geuka kwa miguu badala ya kupinda kiuno ukirusha. Pumua nje unapoinua. Theluji ya sentimita 20 ni nyepesi ikiondolewa kwa awamu, 10 kisha 10, kuliko kungoja iishe kuanguka na ilowe. Hakikisha pia jua linapata lami: theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, lakini lami nyeusi ikishafunuliwa hata kwa ukanda mwembamba, inanyonya joto na kuyeyusha pembezoni mwake.

Wengine huuliza kwa nini wasimwage maji ya moto. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 kunahitaji kilojuli 334, joto ambalo lingeweza kupandisha kilo hiyohiyo ya maji kutoka 0 hadi karibu nyuzi 80. Ndoo moja inaisha kabla theluji haijaisha, na maji yaliyobaki yanaganda kuwa barafu ngumu na laini ya kuteleza. Chumvi inafanya kazi kwa njia nyingine: haileti joto, inashusha kiwango cha kugandia. Kinadharia chumvi ya kawaida inaweza kukishusha hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, ila baridi ikizidi nyuzi 9 au 10 hivi chini ya sifuri inakuwa ya polepole mno kuwa na faida, na watu hutumia kloridi ya kalsiamu, ambayo ni chumvi ya aina nyingine, au mchanga kwa ajili ya kushika miguu tu. Nyunyiza kidogo, baada ya kuzoa. Chumvi nyingi huharibu zege, huunguza mizizi ya mimea na hatimaye huingia kwenye mito na visima.

Mashine ya kurusha theluji inaupumzisha moyo, kama jaribio la Michigan lilivyoonyesha, lakini ina sharti moja lisilo na msamaha: ikiziba, usiingize mkono kamwe. Hata injini ikiwa imezimwa, panga zake zinaweza kuwa na nguvu zilizobanwa, na zikiachiwa huzunguka ghafla na kukata vidole. Zima, subiri, zibua kwa fimbo.

Kabla ya kuwasha gari ili lipate joto wewe ukiendelea kuzoa, zunguka nyuma uone bomba la moshi. Likiwa limefukiwa na theluji, kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, inarudi chini ya gari na kuingia ndani, na aliyekaa kiti cha nyuma, mara nyingi mtoto aliyewekwa humo asipigwe na baridi, hataisikia harufu yoyote. Fukua bomba kwanza, kisha matundu ya hewa ya mfumo wa joto wa nyumba kama yako usawa wa theluji. Njia ya gari inaweza kungoja hayo mawili yaishe.