Taa zilipozimika, mzee wa besi aliendelea

Jumatano moja jioni tulikuwa tunajifunza wimbo mpya wa matoleo. Nakala nilikuwa nimezigawa dakika kumi tu kabla, na kwaya ilikuwa inausoma kwa mara ya kwanza, taratibu, sauti zote nne. Umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza, ukumbi ukawa giza totoro, na waimbaji wengi wakanyamaza papo hapo kana kwamba nao walichomekwa ukutani. Dada mmoja wa soprano, msomaji wangu hodari kuliko wote, alisonga mbele nota sita au saba hivi, safi kabisa, kisha akakwama. Mzee mmoja wa besi, ambaye wakati ule hakujua nota hata moja, aliendelea peke yake akivuma bila maneno mpaka mwisho wa mstari. Akapanda sol, akatua do. Watu wakaangua kicheko.

Umeme uliporudi nikatazama karatasi. Mwisho wa mstari wa besi: sol, do.

Ninafundisha kwaya na kinanda, huu mwaka wa 22, na hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: "Mwalimu, huyu mtoto ana kipaji?" Nyuma ya swali hilo kuna imani kwamba Mungu aligawa mafungu mawili, hawa akawapa macho ya kusoma nota na wale akawapa sikio. Mafungu hayo yenyewe hayapendani. Watu wa nota huwaita wenzao wababaishaji. Watu wa sikio nao hukwambia kwamba ukimnyang'anya msomaji karatasi yake umemnyang'anya na muziki wote. Mimi naona wote wawili wanafanya kazi ile ile, nayo ni kubashiri.

Nianze na yule dada. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Mwingereza John Sloboda alichapisha jaribio ambalo ni kama lile tulilofanyiwa na umeme, ila yeye alilifanya makusudi. Aliwaonyesha wapigaji ukurasa wasioujua, wakaanza kupiga, halafu akauondoa ghafla na kuwaambia waendelee. Wasomaji dhaifu walifikisha nota tatu au nne. Wazuri walifika hadi saba. Maana yake ni kwamba jicho la msomaji mzuri huwa limeshatangulia, mkono unapiga yaliyopita. Baadaye Sloboda akaona jambo la pili ambalo mimi hulipenda zaidi: umbali huo si wa kudumu, hurefuka au kufupika ili uishie pale kifungu cha muziki kinapoishia. Jicho halibebi nota mojamoja. Linabeba mafungu.

Wewe unayesoma hapa hukuanza na ba be bi bo bu ulipofika kwenye neno "kifungu". Ulilitambua lote kwa mkupuo, na kwa sehemu ulikuwa umeshalibashiri kutokana na maneno yaliyolitangulia. Ndiyo sababu makosa ya chapa hutupita. Kwenye muziki kuna kisa cha namna hiyo ambacho huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, mpaka wengine hukimalizia wenyewe. Boris Goldovsky, mpiga piano na mwongoza opera huko Marekani, alikuwa na mwanafunzi aliyesoma nota kwa taabu. Siku moja akipiga Capriccio, kipande cha piano cha mtunzi Mjerumani Brahms (opasi 76 namba 2), mwanafunzi huyo alipiga G ya kawaida mahali ambapo muziki ulidai G sharpu, yaani G iliyopandishwa nusu hatua. Goldovsky akamsimamisha amsahihishe. Akajibiwa: nimepiga kilichoandikwa. Wakaangalia, na kweli kitabu kilikuwa kimekosewa, na matoleo mengine ya kipande hicho yalikuwa na kosa lile lile. Basi Goldovsky akawapa wasomaji mahiri, akawaambia kabisa kwamba humo kuna kosa la chapa, walitafute. Hawakulipata. Kila mmoja alipofika pale alipiga G sharpu, kwa sababu sikio lake lilikuwa limeshaitia sharpu kabla jicho halijafika.

Kwa hiyo msomaji mahiri anasoma kwa sikio. Asiye na sikio ndiye anayesoma kwa macho matupu, na huyo ndiye anayekwama.

Sasa mzee wa besi. Ukikaa karibu naye utagundua hila yake: kwenye wimbo mgeni hudandia sauti ya jirani, anachelewa kwa kitambo kidogo sana ambacho mimi mbele siwezi kukisikia. Wasioelewa huita wizi. Lakini kudandia kwenyewe kunahitaji uwe umeshajua nota inayokuja inaweza kuwa ipi kati ya mbili tatu, la sivyo utachelewa kweli. Yeye ameimba besi miaka zaidi ya 40. Kwa muda huo nyimbo za kanisani zimemfundisha kwamba besi ikifika sol mwishoni mwa mstari, nyumbani ni do, na kwamba kabla ya sol mara nyingi utapita fa au re. Hajui kulieleza hilo, kama vile asivyoweza kukueleza kwa nini tunasema "mti umeanguka" na "kiti kimeanguka". Gizani hakukumbuka chochote, maana hakuna alichokuwa amekisoma. Alibashiri tu, na alibashiri vizuri.

Wapiga kinanda wa sikio ni hivyo hivyo. Padre huanzisha wimbo pale koo lake lilipoamkia siku hiyo, na kijana kwenye kinanda ana sekunde mbili za kudaka ki, yaani do ya padre iko wapi. Anagusa kitufe kimoja kwa sauti ya chini, anasikia amepungukiwa au amezidisha kiasi gani, anateleza, kisha anaingia na kodi tatu zile zile (za muziki, nota kadhaa zinazopigwa pamoja, si za serikali): ya do, ya fa, ya sol. Ukimtazama unasema ni muujiza. Ukimuuliza amepiga misa ngapi tangu akiwa darasa la sita, muujiza unapungua.

Hapa kwetu tulirithi chombo kinachounganisha pande hizi mbili, na nasikitika tunavyokitupa. Solfa, zile herufi d r m f s l t zilizojaa vitabu vya nyimbo vya babu zetu, ilianzishwa na mwalimu Mwingereza wa mji wa Norwich, Sarah Glover, kisha John Curwen akairekebisha na kuieneza kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliitumia alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoimbia wimbo wa taifa wa Tanzania. Uzuri wake ni kwamba do inahama. Haikuambii nota ina jina gani kwenye kinanda, inakuambia inakaa wapi ikilinganishwa na nyumbani. Anayesoma solfa hana budi kusikia. Vijana wangu siku hizi wanaiona ya kizee, wanataka nota za mistari mitano kwa sababu inafanana na chuo. Sawa, nawafundisha mistari mitano, lakini mtu asiyeweza kuiimba kwa do re mi kwanza simruhusu kugusa kinanda. Wananung'unika.

Mtu ataniuliza, je, kipaji hakipo kabisa? Kipo, na walimu wanaosema kila kitu ni mazoezi wanawaonea watoto wanaohangaika. Mwaka 2010 watafiti Elizabeth Meinz na David Hambrick walichapisha matokeo ya kuwapima wapiga piano 57, kuanzia wanaojifunza hadi waliobobea, wakisoma nota wasizozijua. Mazoezi yalieleza karibu nusu ya tofauti kati yao. Lakini uwezo wa kushika mambo kadhaa kichwani huku ukiyafanyia kazi, ambao watu wametofautiana nao na haubadiliki kirahisi, uliongeza kama asilimia 7 juu ya hapo, hata kwa waliofanya mazoezi mengi. Asilimia 7 si bure. Ukiwa na wanafunzi wawili wenye bidii sawa utaiona. Ila si ile ngome ambayo wazazi wanaidhania.

Wengi wanaponiambia mtoto ana kipaji huwa wanazungumzia jambo jingine: mtoto anasikia honi ya basi anataja nota yake. Hilo lipo kweli, na mara nyingi huonekana kwa walioanza muziki wakiwa wadogo sana. Nina mwimbaji mmoja wa alto wa namna hiyo. Tukishusha wimbo hatua moja kwa sababu waimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume) wamechoka, wote wanaimba vizuri isipokuwa yeye. Karatasi inasema G, masikio yanamwambia F, na anakasirika kama mtu aliyeuziwa kilo pungufu.

Kama unataka kusoma vizuri, ushauri wangu ni wa kuchosha: ukurasa rahisi kila siku, tena mpya, na usisimame ukikosea. Nyimbo ngumu unazokariri kwa miezi miwili hazikufundishi kusoma. Andreas Lehmann na Anders Ericsson waliwalinganisha wapiga piano wenye mafunzo ya kiwango kimoja, wakakuta waliozoea kusindikiza waimbaji husoma vizuri kuliko wapigaji wa peke yao. Msindikizaji hana nafasi ya kurudi nyuma. Mwimbaji anaendelea, nawe huna budi kuachia nota tatu ili uiwahi ya nne. Nafikiri hiyo ndiyo sababu wapiga kinanda wa kigango, wanaoletewa karatasi dakika tano kabla ya misa, huwapita wahitimu wengi.

Na kuna muziki ambao karatasi inapaswa kuuamkia shikamoo. Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa muziki David Rycroft alilichambua gitaa lake kwa nota katika jarida la African Music, na makala moja haikutosha, aliandika mbili. Vidole vya mtu mmoja! Nenda Zanzibar usikilize fidla ya taarabu ikikaa kati ya mi na mi flati, kwenye nota ambayo kinanda changu hakina kitufe chake. Hapo anayetaka kujifunza hukaa karibu na fundi, akanyamaza.

Baada ya ile Jumatano nilimwomba mzee wa besi tuanze nota. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimpa karatasi ya wimbo anaoujua tangu ujana wake, nikamwambia aimbe tu kama kawaida huku kidole kikifuata. Mstari wa pili akasimama. "Kumbe huku kupanda ndiko huku?" akauliza, akionyesha nota zinazopanda. Ndiko huko. Tukaendelea hivyo, nyimbo za zamani tupu, kwa miezi kadhaa.

Mwezi uliopita nikampa wimbo mpya, nilioutunga na kuuandika mwenyewe. Kwenye kifungu cha tatu akaimba fa mahali pa fa sharpu, ile inayoisukuma sauti iingie sol. Ikasikika vibaya. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapo umeshuka, rudia." Akarudia, fa ile ile. Nikamwimbia mimi. Akaniinulia karatasi.

"Sikio lilikuwa linanikataza, mwalimu. Lakini ndivyo ulivyoandika."

Nikaangalia. Sharpu haikuwepo. Soprano, alto na tena walikuwa wameuimba wimbo huo wiki tatu, na besi wenzake walipita hapo kila mara wakiweka fa sharpu, nami pia kwenye kinanda. Nakala nilizokwisha gawa zilikuwa 46.