Isimila na Kalenga kwa siku moja: kwa nini nakataa kituo cha tatu

Vikundi vingi vinavyonipigia simu huwa na orodha tayari. Isimila, Kalenga, Mlambalasi, michoro ya Igeleke, jiwe la Gangilonga, makumbusho ya Boma, na "tukipata muda tupitie Lugalo". Yote hayo siku moja, kosta moja, watu ishirini na kitu wa kila umri, na kiongozi wa msafara anataka warudi kabla giza halijaingia. Simlaumu. Iringa imejaliwa, na mtu aliyetoka Dar au Dodoma hapendi kuondoka huku moyoni anahisi kuna alichokiacha. Ila mimi ndiye ninayekaa kiti cha mbele na kuziona nyuso za watu saa tisa alasiri, gari linaposimama kituo cha nne na nusu yao hawashuki.

Kwa hiyo jibu langu halibadiliki: Isimila, penye zana za mawe za kale na nguzo za mwamba, asubuhi; Kalenga, yalikokuwa makao makuu ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, baada ya chakula; basi. Boma lipo katikati ya mji, ndani ya jengo la enzi za Wajerumani. Hilo mnaliendea kwa miguu jioni mliyofika, halihitaji kosta wala halinihitaji mimi. Gangilonga nalo mnaweza kulipanda machweo bila ratiba ya mtu.

Barabara zenyewe zinaamua mengi. Mji wa Iringa umekaa juu kilimani, na barabara kuu ya kwenda Mbeya inapita chini pale Ipogolo. Isimila iko kama kilomita 20 kwa barabara hiyo ya Mbeya. Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, lakini kwa njia ya Hifadhi ya Ruaha. Mtu akitazama ramani ya simu anaona vidoto vimekaribiana, anadhani ni kuruka tu kutoka kimoja hadi kingine. Sisi tunarudi mjini katikati ya siku, na hilo silioni kuwa hasara: watu wanakula wakiwa wamekaa mezani, wazee wanapata choo safi, aliyesahau sweta analifuata. (Juni na Julai Iringa ina baridi ya kweli. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na upepo hauna huruma, hata jua likiwa kali.)

Mlambalasi, kilikozikwa kiwiliwili cha Mkwawa, iko njia hiyohiyo ya Ruaha, ila ni kama kilomita 50. Ukiiongeza, mchana wote unaishia barabarani. Kikundi kinachotaka historia ya Mkwawa peke yake nakishauri kiiache Isimila kabisa, kifanye Kalenga na Mlambalasi kwa utulivu. Hiyo ni safari nzuri sana, pengine bora kuliko hii ninayoieleza hapa, lakini si ya kikundi chenye watoto wa shule ya msingi.

Sasa Isimila. Tunatoka mapema, na si kwa ajili ya joto tu, ingawa korongo lile saa sita mchana linarudisha jua usoni kama bati. Sababu kubwa ni mwanga. Jua la asubuhi linapita kwa ubavu juu ya mawe, na bila mwanga wa ubavu zana za Isimila hazionekani.

Siwapeleki watu kwenye nguzo kwanza. Nguzo kila mtu ameziona kwenye picha; akizifikia anatoa simu, na baada ya hapo ukimwita aje atazame mawe umechelewa. Naanza na mawe. Yamelala chini, mengi na karibu karibu, na mgeni wa kawaida anayapa sekunde kumi kabla hajageuka kuuliza nguzo ziko wapi. Anaona mawe. Ni haki yake, hakuna aliyemwonyesha kitu kingine.

Ninachofanya ni kuwaomba wachuchumae. Wote, hata wenye suruali nyeupe. Kisha nachagua jiwe moja, na nawaambia waukazie macho ukingo wake bila kuligusa. Jiwe lililopasuka lenyewe, kwa jua au kwa kubingirishwa na maji, lina pasuko moja mbili zisizo na mpango. Hili lina makovu yanayofuatana: kovu moja linaanzia pale lililotangulia lilipoishia, upande huu na upande wa pili, na yote yanakutana kwenye ukingo mmoja unaozunguka jiwe hadi nchani. Mtu aligonga, akaligeuza, akagonga tena, akaligeuza tena. Chini ni pana pa kushika, juu pamechongoka. Hilo ndilo shoka la mkono. Akishaliona la kwanza, mgeni anayaona yote, na hapo nanyamaza maana watu wanaanza kuonyeshana wenyewe: "Hili je? Na lile pale?"

Huwa nabeba garini mawe mawili ya kawaida niliyookota mbali kabisa na eneo la hifadhi. Nampa kijana anayejiona hodari, nampa na miwani ya kukinga macho, agonge anitolee ukingo kama ule. Anapata vumbi na kidole kinachouma. Nampenda kijana yule kwa sababu anafanya kazi yangu: wenzake wanaacha kuwaita waliotengeneza mashoka yale "watu wasio na akili".

Umri wake? Swali hilo huja kabla sijamaliza sentensi. Eneo lilijulikana kwa wataalamu mwaka 1951, baada ya mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita kuokota zana kadhaa. Uchimbaji mkubwa ulifanyika 1957 na 1958 chini ya Clark Howell na wenzake. Mwaka 1972 vikachapishwa vipimo vya umri, kwa kutumia madini ya urani, vilivyofanywa kwenye mfupa, vikatoa takriban miaka 260,000. Ukitaka kuwasaidia watoto, usiwatajie namba hiyo na kuishia hapo. Waambie kwamba dola ya Wahehe, Wajerumani, Waingereza na Uhuru vyote vinaenea ndani ya miaka 200 ya mwisho, halafu warudi nyuma kwa hatua za miaka mia mbili mia mbili, zaidi ya hatua elfu moja.

Palikuwa na ziwa dogo hapa, la kina kifupi, lililojaa mchanga na matope taratibu. Wanyama walikuja kunywa, na watu waliwafuata au waliyafuata maji, au vyote viwili. Mifupa iliyopatikana ina kiboko wa aina iliyotoweka, mkubwa kuliko wa leo, mwenye macho yaliyochomoza juu ya fuvu kiasi kwamba aliweza kuchungulia huku karibu mwili wote umezama. Watoto husahau miaka 260,000, lakini kiboko huyo wanakwenda naye nyumbani.

Kisha tunashuka korongoni, na hapa ndipo huwa nafurahia kazi yangu zaidi. Nguzo zile ni matabaka ya lile ziwa, yaliyogandamana yakawa mwamba laini. Maji ya mvua yamepasua tambarare, yakachimba, na pale tabaka la juu lilipokuwa gumu kidogo likawa kofia ya lile la chini. Udongo wa pembeni ukaondoka, nguzo ikabaki imesimama. Ukiwa chini unaweza kuhesabu mistari ya matabaka kwa kidole, wekundu, weupe, kijivu. Na maji hayohayo yaliyochonga nguzo ndiyo yaliyoyafukua mashoka. Yasingechimba, mashoka yangekuwa bado yamefunikwa na mawe yangu mawili yasingekuwa na kazi. Kwa hiyo watu wanaodhani wamekuja kuona vitu viwili, mandhari na mambo ya kale, wameona kazi moja ya maji.

Kazi hiyo haijaisha. Kila masika kingo zinamegeka, zana mpya zinachungulia, nguzo nyembamba zinapungua. Ndiyo maana sipandi na siruhusu mtu apande nguzo kwa ajili ya picha, na ndiyo maana kati ya Desemba na Aprili nakuwa mgumu: mvua ikiwa imenyesha usiku, au mawingu yamefunga upande wa juu, hatushuki. Mchanga wa mtoni unaonekana mkavu na mtulivu hadi dakika maji yanapofika. Tunatazama nguzo kutoka juu, na bado zinapendeza.

Kuokota zana na kuondoka nayo ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Nalisema hilo mara moja, kwa sauti ya kawaida, kabla ya kushuka. Wasiwasi wangu wa kila siku si mwizi, bali mtu mwema anayeokota shoka, analipeleka mita kumi kumwonyesha mkewe, kisha analiweka pale aliposimama. Kwa mtaalamu wa kale, mahali jiwe lilipolala ni nusu ya habari yake.

Kikundi kikizidi watu kumi na tano nakigawa. Nusu wanabaki kwenye mawe na makumbusho na mwongozaji wa eneo, nusu wanashuka nami, kisha tunabadilishana. Njia ya korongoni ni fupi lakini ina mteremko na mchanga unaoteleza, hivyo kandambili hapana. Wazee wasiotaka kushuka huwa nawakalisha kivulini na mwongozaji anayejua hadithi za eneo. Wengi husema baadaye kwamba wao ndio waliofaidi.

Chakula cha mchana nitakipita haraka: ugali, nyama, mboga za majani, ndizi. Onyo moja tu. Msimu wa mvua barabarani kuna ulanzi, pombe ya mianzi, mtamu ukiwa mbichi, na mgeni huudharau kwa sababu hauchomi. Unywe jioni.

Kalenga ni kinyume cha Isimila. Kule kuna mengi ya kuona, huku anayetarajia ngome ya Lipuli anashuka garini na kuuliza, "Iko wapi?" Mkwawa aliizungushia makao yake makuu ukuta mkubwa, na tarehe 30 Oktoba 1894 mizinga ya Wajerumani, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele, iliuvunja. Leo yamebaki mabaki machache, kijiji, na makumbusho madogo. Kikundi kizima hakienei ndani kwa raha. Kwa hiyo historia lazima iwe imeshasimuliwa kabla ya kufika, na nusu saa ya barabarani ndiyo darasa langu: Lugalo, 17 Agosti 1891, kikosi cha Emil von Zelewski kilivyovamiwa na Wahehe na yeye mwenyewe, waliyemwita Nyundo, kuuawa; miaka mitatu ya kujiandaa; kuanguka kwa Kalenga; halafu karibu miaka minne ya Mkwawa kupigana akihamahama, hadi 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe.

Tukifika nasema "Kamwene", salamu ya Kihehe, na wageni wanasema nami, kisha namwachia neno mhifadhi. Sisimulii juu yake. Yeye ni wa pale, na kuna mambo anayasema kwa namna ambayo mimi sina haki nayo.

Ndani, katikati ya mikuki na ngao, limo fuvu. Wajerumani walikikata kichwa cha Mkwawa wakakichukua. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, ukaitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lake, katika ibara ileile iliyodai Kurani ya Khalifa Uthman. Ilipita miaka mingi bila kitu. Edward Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, ndiye aliyelifuatilia hadi makumbusho ya Bremen, na tarehe 9 Julai 1954 akalikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Kila kikundi kina mtu anayeninong'oneza mlangoni: "Ni lenyewe kweli?" Namjibu kwa kadiri ya kilichoandikwa. Bremen palikuwa na mafuvu kama 2,000, na 84 ndiyo yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalipimwa uwiano wa upana na urefu, yakalinganishwa na vipimo vya ndugu wa Mkwawa, na moja kati ya yaliyokaribiana lilikuwa na tundu la risasi. Kuna wasomi wanaoona ushahidi huo hautoshi. Uhehe ililipokea, ikalilia, na hilo la pili halihitaji kipimo. Simu nawaomba wazifunge wakiwa mbele ya fuvu, hata kama hakuna aliyewakataza. Ni kichwa cha babu wa watu waliowafungulia mlango.

Viingilio vya vituo vyote viwili vinatofautiana kwa raia, mkazi na mgeni wa nje, na wanafunzi wana bei yao. Kiongozi wa kikundi aje na idadi kamili ya kila kundi pamoja na vitambulisho, maana kinachokula muda getini ni kuhesabiana, si kulipa. Pesa ndogo ndogo za waongozaji wa eneo ziwekwe pembeni tangu asubuhi.

Na Lugalo, kwa wanaosisitiza: mnara upo kando ya barabara kuu, upande wa kutokea Dar, kabla hujafika mjini. Mnaotoka Dar mwambieni dereva wenu asimame siku ya kuja, mkiwa na mizigo yenu garini. Dakika ishirini zinatosha, na kesho yake mnaponikuta Ipogolo nitaanzia hapo.