Je, wajua kwa nini sehemu ya tamthilia yenye alama nyingi zaidi za watazamaji inaweza kukuboa?

Ukitazama orodha za sehemu bora za tamthilia za mazombi, utaona kuwa zile za juu mara nyingi ni za kufunga au kufungua msimu. Mimi nilidhani sababu ni nyepesi: hizo ndizo zimetengenezwa vizuri, nyingine ni za kujazia. Kwa ujasiri huo nikawashauri vijana wa kibanda kimoja cha video hapa Bombo, Uganda, waruke sehemu sita za mwanzo za msimu wa pili wa The Walking Dead, waanzie ya 7, ambayo alama zake mtandaoni ziko juu kabisa.

Sehemu hiyo, ya mwaka 2011, inaisha mlango wa ghala ukifunguliwa. Mazombi wanatoka, wanapigwa risasi, na wa mwisho kutoka ni Sophia, msichana aliyetafutwa tangu mwanzo wa msimu. (Miaka zaidi ya kumi imepita, sioni cha kuficha.) VJ, yaani msimulizi wa kibandani, aliyeitafsiri kwa Kiganda alikuwa karibu kulia. Kwenye mabenchi mtu akauliza, "Huyu mtoto ni wa nani?"

Kosa langu ni kwamba alama niliichukulia kama uzito wa kilo ya sukari, ambao haubadiliki popote utakapoupima. Kumbe alama ni jibu la mtu, na ni lazima kwanza tujue ni mtu gani aliyebaki kujibu.

Chukua basi la kutoka Kampala kwenda Gulu. Muziki unapiga kelele, viti vimebana. Asiyevumilia anashukia Luweero, mwingine Kigumba. Ukiwangoja abiria stendi ya Gulu uwaulize safari ilikuwaje, waliochukia zaidi hawapo. Basi ni lile lile, ila abiria wamechujwa. Tena waliobaki wamebeba saa zote walizokaa. Mto Nile unapojitokeza pale Karuma, aliyebanwa kitini tangu alfajiri anauona kwa macho ambayo aliyepanda Kigumba hana. Sehemu ya 7 ndiyo Karuma yenyewe, na mimi niliwapandishia vijana Kigumba.

Mchujo huu hauelezi kila kitu. Sehemu ya kwanza ya msimu wa tano wa The Walking Dead, mwaka 2014, iko juu kabisa kwenye orodha nyingi, na ilitazamwa Marekani na watu zaidi ya milioni 17, wengi kuliko sehemu yoyote ya tamthilia hiyo. Hapo mabasi yalikuwa yamejaa. Misimu ya saba na ya nane watazamaji walipungua sana, lakini badala ya alama kupanda, zilishuka. Nadhani kuna abiria ambaye akishapita mto Kafu, katikati ya safari, hashuki tena. Nauli amelipa, basi atalalamika mpaka Gulu.

Halafu wastani wenyewe huficha ugomvi: sehemu ya 3 ya The Last of Us, tamthilia nyingine ya aina hiyo, mwaka 2023, ilipewa 10 nyingi na 1 nyingi, na katikati pakabaki namba ya kistaarabu isiyosema lolote. Na wanaotazama kibandani hawamo kabisa kwenye hesabu hizo, maana hakuna anayetoka pale akaenda kupiga kura mtandaoni.

Vijana wa Bombo walirudia msimu kutoka sehemu ya 1. Walipofika ghalani mara ya pili, yule aliyeuliza mtoto ni wa nani aliinuka, akaenda kusimama nje.